Mteja hakuulizi kilomita: maneno kwa wanaoanza kazi ya tiketi hapa Mtwara

Wadogo zangu mlioanza kazi ya kukata tiketi msimu huu wa korosho, nimekaa nikisikiliza mnavyowajibu wateja, na nimeona afadhali niandike kuliko kuendelea kuyaingilia mazungumzo yenu mbele ya watu. Mteja anauliza kutoka hapa mpaka Guangzhou ni mbali kiasi gani na atafika lini. Kabla hajamaliza swali, mmekwisha kufungua simu, mmesoma kilomita na saa zilizojitokeza juu kabisa, na mmempa kama mnavyompa chenji. Tarakimu hizo mara nyingi ni sahihi. Tabu ni kwamba zinapima nafasi kati ya viwanja viwili, ilhali anayeuliza anatoka Newala, atalala Dar es Salaam, atavuka saa za nchi tatu na kuna mtu atakayempokea upande wa pili. Nayaandika haya kwa mpangilio wa namba ili myakumbuke, ingawa najua mimi mwenyewe nikianza kusimulia namba hazinizuii.

1. Kilomita mnazozisoma ni za mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam mstari huo ni karibu kilomita 400, wakati basi linalopita Lindi, Nangurukuru na Daraja la Mkapa linatembea zaidi ya kilomita 550. Tofauti hiyo kila mtu wa kusini anaijua kwa mgongo wake. Kinachosahaulika ni kwamba abiria wa ndege naye hafuati mstari mfupi, kwa sababu anapelekwa kwanza kwenye kituo kikuu cha shirika lililomchukua. Dar es Salaam hadi Ho Chi Minh City kwa mstari mfupi ni takriban kilomita 7,700, lakini ukimpitisha mteja Dubai atasafiri karibu 4,000 za kwanza kuelekea kaskazini-mashariki, kisha zaidi ya 5,600 nyingine, jumla kama 9,600. Ukimwambia 7,700 umesema kweli kuhusu dunia, lakini kuhusu safari yake umemdanganya.

Pale ofisini tuna ramani kubwa ya ukutani, nami huwaona mkiweka rula juu yake. Acheni rula. Ramani bapa huinyoosha dunia, hivyo mstari ulionyooka kwenye karatasi hauwi mfupi angani, na njia fupi ya kweli huonekana imepinda. Chukueni lile tufe dogo la plastiki lililo juu ya kabati, mkaze uzi kutoka Johannesburg hadi Sydney, muone uzi unavyoshuka mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kuupitisha. Njia ile ni kama kilomita 11,000, na ndege huifuata kwa kadiri hali ya hewa inavyoruhusu.

Wakati mwingine njia fupi ipo na bado hairuhusiwi. Baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, Finnair iliyokuwa ikitoka Helsinki kwenda Tokyo kwa takriban saa 9 ilijikuta ikitumia takriban 13, kwa sababu ilibidi izunguke. Viwanja vilikuwa palepale na kilomita za kwenye simu hazikubadilika hata moja. Mteja akiwauliza kwa nini safari imerefuka kuliko mwaka aliokwenda kaka yake, hilo ni jibu mojawapo linaloweza kuwa la kweli, basi mlitafute kabla ya kumwambia kwamba kaka yake amesahau.

2. Kugawanya kilomita kwa kasi ni hesabu nzuri, ila ina mkia. Boeing 787 ikiwa juu hutembea karibu kilomita 900 kwa saa, na Dash 8 Q400 ya mapanga haizidi sana 660. Gawanyeni kilomita 400 za Mtwara kwa 660 mtapata dakika 36, lakini ratiba inampa abiria kama saa moja na zaidi kidogo. Ratiba haiwadanganyi, kwani inahesabu tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama kwenye maegesho mengine, na katikati yake kuna kutembea ardhini, kusubiri zamu ya kuruka, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na pengine kuzungushwa kidogo na waongoza ndege. Vipande hivyo havipungui eti kwa sababu safari ni fupi. Ndiyo maana safari ya karibu huonekana kula muda mwingi kuliko umbali wake.

Mimi hutumia kipimo hiki cha haraka: kwa ndege kubwa gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Dar es Salaam hadi Guangzhou ni karibu kilomita 8,700, ambazo zinatoa saa kumi na robo, na ukiongeza nusu saa unafika kama saa kumi na dakika arobaini na tano. Kipimo hicho si cha kumpa mteja. Ni cha kuwashtua nyinyi ratiba ikisema jambo lisilowezekana, kwa mfano pale mnapokuwa mmesoma saa ya kufika bila kuona alama ndogo ya +1 pembeni yake, yaani anafika siku inayofuata.

3. Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa za mahali ndege ilipo. Jambo hili mmefundishwa chuoni na mnalijua, na bado kila wiki namsikia mmoja wenu akitoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika na kumtangazia mteja jibu. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam 16:45 na kufika Dubai 23:15. Tofauti ya maandishi ni saa sita na nusu. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo safari yenyewe ni saa tano na nusu. Njia isiyokosea ni kuzirudisha saa zote mbili kwenye UTC kwanza, yaani saa ya pamoja ya dunia ambayo kila nchi hupimia yake, sisi tukiondoa 3 na wao wakiondoa 4, ndipo mtoe. Ni hatua moja zaidi, na inawaokoa siku mnapokuwa na vituo vitatu na mteja ana haraka.

India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayosahaulika. China yote, toka mashariki hadi magharibi, hutumia saa moja tu, tano mbele yetu. Jeddah haina tofauti nasi hata kidogo, kwa sababu iko karibu juu kabisa ya Dar es Salaam kwenye ramani, kiasi cha kilomita 3,160 kwenda kaskazini. Nimemwona bibi mmoja wa Mikindani akijiandaa kwenda Umra na saa mbili mkononi, moja ya nyumbani na moja ya huko, mjukuu wake ndiye aliyezirekebisha zitofautiane. Tulicheka naye, tukazirudisha sawa, akamvisha mjukuu ile ya pili.

Uingereza na Marekani wana tabia ya kusogeza saa zao. London huwa nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi chao, na mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. New York hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, ikiwa nyuma yetu kwa saa saba au nane. Angalieni kwamba tarehe za nchi hizo mbili hazilingani. Sisi hatusogezi, na kwa sababu hatusogezi tunawasahau wanaosogeza.

4. Sasa nimefika kwenye saa ya tiketi na saa yetu ya Kiswahili, na hapa nawaomba mvute viti.

Kosa dogo mnalijua: mtu anasoma 07:10, anamwambia mteja saa saba na dakika kumi, na mteja anafika uwanjani mchana akiwa amekula na kuoga, wakati ndege ilikwenda zake saa moja asubuhi. Hilo tumelipunguza kwa kuwalazimisha kuandika asubuhi, mchana au usiku. Kosa kubwa ni la ndege zinazoondoka baada ya usiku wa manane, na si chache zinazoondoka Dar es Salaam wakati huo kwenda mbali. Hili sitalisema kwa sentensi moja, kwa sababu nililitenda mimi, na mtu aliyelipa gharama yake alikuwa ameniamini.

Miaka yangu ya mwanzo niliajiriwa na wakala mmoja hapa mjini. Akaja mzee mmoja, mfanyabiashara wa korosho wa upande wa Tandahimba, mtu wa maneno machache aliyevaa kofia nyeupe ya kudarizi. Alikuwa amealikwa na wanunuzi wa Vietnam aende akaone viwanda vinavyobangua korosho zinazosafirishwa ghafi kutoka kwetu. Hakuwahi kupanda ndege. Aliitoa pasipoti yake kutoka kwenye leso iliyofungwa fundo mbili, akaiweka mezani, akasubiri nimalize kuandika kabla hajasema lolote.

Ndege yake kubwa ilikuwa inaondoka Dar es Salaam saa 00:35, na tarehe iliyokuwa kwenye bukingi ilikuwa ya Ijumaa. Nikamwambia, "Mzee, ndege yako ni Ijumaa, saa sita na dakika thelathini na tano usiku." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yaani usiku wa Ijumaa? Alhamisi tukishaswali Isha?"

Wazee wetu wa pwani huihesabu siku kuanzia jua linapozama. Kwao usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa, na ndio usiku ambao wengine huuita wa Alhamisi. Mzee yule alikuwa ameipata safari yake barabara, tena kwa swali moja. Nami, kijana niliyekuwa na cheti kipya na skrini mbele yangu, nikamrekebisha. Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu, si Alhamisi. Ijumaa yenyewe, usiku." Nikamwandikia kwenye karatasi, nikalipigia mstari neno Ijumaa mara mbili ili asichanganyikiwe. Kisha nikamkatia tiketi ya pembeni, isiyoungana na ile kubwa, ya Mtwara kwenda Dar es Salaam, ya mchana wa Ijumaa hiyohiyo, nikijisifu moyoni kwamba nimempa nafasi kubwa ya kupumzika.

Alitii. Alisafiri Ijumaa na mpwa wake, wakiwa na korosho zilizobanguliwa kwa mikono na kufungwa na mkewe pakiti kwa pakiti ndani ya kitambaa, zawadi kwa wenyeji. Simu ilinijia saa tatu usiku. Mpwa alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kana kwamba yeye ndiye mwenye hatia: dada wa kaunta anasema ndege ya mjomba iliondoka jana usiku. Nilifungua bukingi kwenye kompyuta nikiwa bado ninamwambia kwamba dada huyo amekosea. Ile 00:35 ilikuwa palepale nilipoiacha. Ndege ilikuwa imekwenda takriban saa ishirini zilizopita. Mzee akaomba simu, nikamsikia akipumua, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuuliza." Akairudisha simu kwa mpwa wake.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia kwa kuwa mnaijua kazi. Alikuwa amehesabiwa kama abiria asiyetokea, na kwa sababu kipande cha kwanza hakikutumika, mfumo ulikuwa umefuta na vipande vilivyobaki, pamoja na vya kurudi. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya siku kadhaa mbele, kwa nauli ya juu zaidi, na kufikia siku hiyo wenyeji wangekuwa wamemaliza kuwatembeza wageni viwandani. Alisema hawezi kwenda kuangalia milango. Alilala kwa ndugu zake, akarudi kusini kwa basi, na pakiti zile akarudi nazo.

Meneja wangu na mimi tulikwenda hadi kwake kumrudishia fedha ambazo ofisi ilikubali kubeba. Nilijiandaa kwa ukali wake na haukuja. Aliagiza tuletewe chai na mihogo, akanisikiliza nikiomba radhi mpaka mwisho, kisha akaniomba nimweleze hiyo saa ya tiketi inavyokwenda, kwa kuwa mwanawe naye angesafiri siku moja. Nikachora mstari nyuma ya ile karatasi niliyompigia mstari Ijumaa. Nikaweka alama ya Magharibi, alama ya saa sita usiku na alama ya alfajiri. Akaweka kidole kwenye alama ya katikati, akasema, "Kumbe wao hubadili siku watu wakiwa usingizini." Nilikuwa na mafunzo ya tiketi na yeye hakuwa nayo, na ufafanuzi bora kuliko wake sijausikia hadi leo.

Kwa hiyo, ndege yoyote inayoondoka kati ya 00:00 na alfajiri, hamna ruhusa ya kutaja siku moja tu. Semeni: "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Semeni tena: "Utatoka nyumbani Alhamisi, utakuwa uwanjani Alhamisi saa tatu usiku." Kisha mwambieni mteja ayarudie kwa maneno yake mwenyewe, na akiyarudia kwa namna tofauti na yenu, msikimbilie kumsahihisha. Mwulizeni anamaanisha mchana upi unakuja baada ya usiku huo. Inawezekana yeye ndiye aliye sawa.

Niongeze jambo linalowafurahisha abiria wetu: wanaopita Addis Ababa hukuta wenyeji wa Ethiopia nao wanahesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi, na nchi hiyo iko katika saa zilezile zetu. Mzee anaweza kumuuliza mfagizi wa uwanja saa ngapi na akapata jibu analolizoea. Ubao wa ndege, hata hivyo, ni wa saa 24, huko kama kwingine kote, naye aambiwe kabla hajaondoka.

5. Muda wa kwenda haulingani na wa kurudi. Katika maeneo yaliyo mbali na ikweta kuna mikondo ya upepo mkali sana, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayoelekea mashariki husukumwa nayo, na inayoelekea magharibi hupambana nayo. Doha hadi New York, njia ambayo baadhi ya wateja wetu huipitia, ni karibu kilomita 10,800. Kwenda huchukua takriban saa 14 na kurudi takriban 12. Johannesburg hadi Sydney ni karibu saa 12, na kurudi ni karibu 14. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba kubwa ya upepo, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, njia ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na nusu au saba kuelekea upande huo. Injini zilikuwa zilezile, ila hewa yenyewe ilikuwa inakwenda.

Kijana mmoja wenu alimwambia mama aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake Marekani kwamba ratiba ya kurudi "imekosewa na mfumo" kwa sababu ilikuwa fupi. Mama wa watu akabaki na hofu kwamba ameuziwa tiketi mbovu, akawa anapita ofisini kila anapokuja sokoni kuuliza kama mfumo umepona. Tafadhali, kabla ya kuulaumu mfumo, tazameni ramani na mwelekeo. Kwa safari zetu za kwenda kaskazini, kama Addis Ababa au Jeddah, tofauti hiyo ni ndogo, hivyo hamna haja ya kumchosha mteja nayo.

Kuna wateja wanaopenda kujua ni ipi safari ndefu kuliko zote, na ni vizuri muwe na jibu, kwa kuwa mteja anayeuliza hivyo ameanza kuipenda safari. Ni ya Singapore Airlines kati ya Singapore na uwanja wa John F. Kennedy, New York, takriban kilomita 15,350 bila kutua, zaidi ya saa 18 hewani, kwa Airbus A350-900ULR iliyotengenezwa makusudi kubeba mafuta mengi. Msafiri wetu anayetoka Nachingwea kwenda Marekani kwa gari na ndege tatu hutumia muda mrefu zaidi ya huo tangu afunge mlango wake, na hakuna anayemwandika popote. Nyinyi mwandikieni.

6. Hapo ndipo kazi yetu ya kusini inapotofautiana na ya wenzetu wa Dar es Salaam. Mteja wao hutoka Mbezi au Temeke. Wa kwetu ana mguu wa kwanza ambao mashine ya kutafuta umbali haiujui. Anayetoka Lindi ana zaidi ya kilomita 100 za barabara kabla hajafika uwanja wa Mtwara. Anayetoka Masasi ana kama 200. Ukimpa ndege ya asubuhi, umempa pia usiku wa kulala Mtwara, na usiku huo ni gharama anayopaswa kuijua kabla ya kulipa.

Kipande cha Mtwara hadi Dar es Salaam kikiwezekana kiwe ndani ya tiketi moja na safari kubwa, ili kikichelewa shirika liwajibike kumtafutia nafasi nyingine, na begi lake liandikwe moja kwa moja hadi mwisho. Kikiwa tiketi ya pembeni, acheni nafasi ya kutosha ya kuchukua begi, kuhama jengo na kufanya chekini upya. Ikiwa ndege ya siku hiyo ndiyo pekee inayoweza kumfikisha, basi asafiri siku moja kabla, hata akinung'unika kuhusu gharama ya kulala.

Wapo mnaowapangia wateja basi ili kuokoa nauli, na silikatazi, lakini ulizeni habari za barabara. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu maeneo ya Kilwa, mabasi yalikwama siku kadhaa pande zote mbili. Abiria aliyekuwa na ndege ya kimataifa usiku huo hakuwa na kilomita 550 mbele yake. Alikuwa na maji. Ilibidi watafutiwe nafasi za ndege hapa Mtwara mmojammoja, na waliopiga simu mapema ndio waliopata.

7. Mambo madogo, kwa haraka. Hakikisheni msimbo wa kiwanja, kwa kuwa MYW ni Mtwara na miji mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja. Muda mfupi wa kuunganisha unaokubaliwa na mfumo ni wa kijana mwepesi asiye na begi, kwa hiyo mzee au mama mwenye mtoto mwongezeeni. Someni alama ya +1 kwa sauti. Namba ya simu ya mpokeaji andikeni kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzima. Na saa ya kufika mtumieni mpokeaji pia, ikiwa katika saa za huko kwake.

Kesho asubuhi, kabla hatujafungua mlango, kila mmoja aje na safari hii imeandikwa kwa mkono. Mteja anatoka Nachingwea kwa gari, anapanda ndege Mtwara, anabadilisha Dar es Salaam na Doha, na anatakiwa awe amefika New York kabla ya saa nne asubuhi ya huko, Jumatatu inayofuata Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ndege ya kutoka Dar es Salaam iwe ni ya baada ya usiku wa manane. Nataka nione UTC ya kila kituo, muda wa hewani na muda wa kusubiri kila mahali, na jumla ya saa tangu afunge mlango wa nyumba yake. Chini yake andikeni, kwa Kiswahili cha kumsomea mzee asiyevaa saa, ni siku gani na wakati gani anatakiwa aondoke Nachingwea. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoanza kuisoma.